Kuku Walioacha Kutaga



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu akitaka tumsomee kuku wake. Anao 30, na kwa mayai yao hulipa ada ya chuoni ya watoto wake watatu. Tangu kaskazi ishike joto, mayai yalikuwa yameshuka kutoka 20 na zaidi kwa siku hadi saba. Yeye hakuwa na shaka na sababu: jirani yake aliingia uani akawasifu kuku bila ya kusema Mashaallah. Tangu siku hiyo hawasemezani.

Jicho hatulikanushi. Lakini hatukuona vyema kuanza kisomo kabla ya kuliona banda, na tulipofungua mlango wake machozi yalitutoka hata kabla ya kuuliza neno. Ilikuwa ni amonia, ile harufu kali ya kinyesi kilicholowa. Banda lilikuwa la mabati pande zote, paa lake la chini, na kwa kuogopa wezi na paka, mwenyewe alikuwa ameziba kila upenyo kwa magunia na nailoni. Jua lingali juu, ndani mlikuwa giza. Kuku walikuwa midomo wazi, mbawa wamezitenga na mwili, wakihema.

Kuku hatoki jasho. Joto likimzidi hujipoza kwa kuhema, hunywa maji mengi na kula kidogo, na asiyekula yai atalitoa wapi? Tena kuhema huko hubadili damu yake hata akakosa kiasi cha kutengenezea ganda. Ndiyo maana yale mayai saba yalikuwa yakivunjika mkononi. Amonia nayo huchoma macho na mapafu, yakafuatia mafua.

La nuru ndilo lililomstaajabisha zaidi. Nuru humwingia kuku machoni, na nyingine hupenya fuvu la kichwa hadi kwenye ubongo, nao ndio uuamrishao mfuko wa mayai ufanye kazi. Mtagaji huhitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili atage vizuri. Sisi wa karibu na ikweta tumejaaliwa kama saa 12 mwaka mzima, neema ambayo wafugaji wa Ulaya huitamani siku zao zinapokuwa fupi mwezi wa Disemba. Mama huyu alikuwa amezifunika hata hizo kwa magunia.

Magunia yaliondolewa. Mabati ya juu, katika pande mbili zinazotazamana, yalikatwa pakatiwa wavu wa matundu madogo, ili upepo upite juu ya vichwa vya kuku usiwapige walalapo. Paa likafunikwa makuti, na maranda yaliyolowa yakatolewa, yakatiwa makavu. Akitaka kuongeza mwanga, tulimwambia, atie taa ndogo ya umeme na aiwashe kabla ya alfajiri, si usiku; kwani taa ikizimwa ghafla usiku, kuku hukutwa na giza kabla ya kupanda fito za kulalia. Aongeze nusu saa tu kila wiki, na vifaranga wasiofika umri wa kutaga asiwawashie. Kibatari asithubutu: maranda hushika moto upesi mno.

Kisomo nacho tulikisoma, maana baraka huhitajiwa na kuku na mwenye kuku.

Mayai hayakurudi kwa siku moja. Wiki ya kwanza hapakuwa na tofauti, naye akatutazama kwa jicho la lawama. Wiki ya tatu yalifika 14, na ganda lake gumu. Lililobaki zito ni la jirani. Tulimwomba aende kumtaka radhi, akainamisha kichwa. Hadi tunaandika haya hajakwenda; amesema atakwenda Ijumaa.