Mwizi wa Umeme Humwibia Jirani Yake

Wizi wa umeme ni hujuma dhidi ya mali ya umma, na haustahili kupewa jina jingine. Hata hivyo wako wananchi, wengine wenye heshima zao, wanaouhesabu kuwa ni ujanja tu wa kulikomoa shirika kubwa lililoko mbali. Fikra hiyo ni potofu popote, na hapa kwetu Buha ni potofu maradufu.

Tukumbuke tulikotoka. Hadi mwaka 2022 miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli, ambayo mafuta yake yalisafirishwa masafa marefu kwa gharama kubwa. Mwaka huo ndipo gridi ya Taifa ilipotufikia kwa njia ya Nyakanazi. Lakini kufika mjini siyo kufika kila kitongoji. Kila mwananchi anaponunua umeme, asilimia 3 hutozwa kwa ajili ya nishati vijijini, na fedha hizo ni sehemu ya zile ambazo Wakala wa Nishati Vijijini, REA, huzitumia kusimika nguzo mpya. Basi mwenye mashine ya kusaga anayeiba umeme mjini humpunguzia fungu mkulima anayengoja nguzo, awe wa Kumsenga au wa Heru Juu. Dini zetu zimewalaani wapunjao vipimo, na katika Kurani iko sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina lao.

Mita za LUKU, zilizoingia nchini katika miaka ya 1990, zilipunguza tatizo la madeni, lakini hazikukomesha wizi. Sababu yake ni nyepesi: mita hiyo huhesabu umeme unaopita ndani yake tu. Kishoka akiunga waya kabla ya mita, LUKU hukaa kimya, na ofisi haina habari mpaka mkaguzi apite nyumba kwa nyumba.

Mita janja, ambazo TANESCO imeanza kuzileta, zina kazi tofauti. Hupeleka hesabu ofisini mara kwa mara kwa njia ya mawasiliano, na kutoa taarifa pindi kifuniko kinapofunguliwa. Lililo kubwa zaidi ni kwamba transfoma nayo ikifungiwa mita, umeme uliotoka pale waweza kulinganishwa na jumla ya uliopokelewa na wateja wake wote. Tofauti ikizidi kiasi cha kawaida, wizi hautafutwi tena wilaya nzima, bali chini ya transfoma moja inayojulikana.

Kwa sababu hiyo tunaziunga mkono mita hizi. Lakini chombo hakifanyi kazi ya watu. Jirani zetu wa Uganda walipoikabidhi kampuni ya Umeme kazi ya usambazaji mwaka 2005, upotevu ulikuwa karibu asilimia 38. Mkataba ulipokwisha Machi 2025 ulikuwa umekwisha kushuka chini ya asilimia 20. Mita za malipo ya kabla zilisaidia, lakini pia nyaya zilikarabatiwa na ukaguzi haukulegezwa. Tena, siyo kila upotevu ni wizi. Waya mrefu na mwembamba, kama nyingi zinazopanda vilima vyetu, hupoteza umeme kwa joto, na kosa hilo si la mwanakijiji.

Hapana budi, basi, kuzingatia mambo matatu. Kwanza, kazi ianzie kwenye transfoma na kwa watumiaji wakubwa: mashine za nafaka, viwanda vya mbao, nyumba za wageni. Itakuwa aibu mita janja ikimwinda mjane mwenye taa mbili ilhali mwenye mota ya kusaga anapita. Pili, shirika lijisafishe lenyewe. Kishoka hawezi kustawi pasipo mtu wa ndani anayemfumbia macho, na mita hata iwe janja namna gani haimwoni mtumishi anayeipokea taarifa na kuikalia.

Tatu ni haki. Mwaka 1983 Taifa lilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Vita vile vilikuwa vya lazima, lakini sheria iliyotungwa iliwanyima watuhumiwa dhamana na wakili, na mwaka 1984 ikabidi ifutwe na kutungwa nyingine. Fundisho lake halijapitwa na wakati. Taarifa ya mita ni ushahidi, siyo hukumu. Mteja aonyeshwe hesabu yake, asikilizwe, na asiporidhika apeleke lalamiko lake EWURA bila ya kuogopa kukatiwa umeme kwa kulipiza.

Tunapendekeza jambo moja ambalo halihitaji fedha nyingi. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa sheria, hukutana kila baada ya miezi mitatu. Hesabu ya transfoma ya kijiji isomwe pale hadharani: umeme ulioingia, uliolipiwa na uliopotea. Hakuna haja ya kutaja jina la mtu. Wananchi wakijua kuwa pengo ni lao, na kwamba pengo hilo ndilo linalochelewesha nguzo za kitongoji cha pili, watajua pia nani ana mashine inayounguruma usiku kucha na hajaonekana dukani kununua umeme. Mali ya umma hulindwa vizuri pale umma unapopewa hesabu yake.