Kazi isiyo na kikomo huua

Msomaji, huenda umewahi kuambiwa kuwa kazi haiui mtu. Wajapani watakukanushia. Wao wana neno maalum, karoshi, yaani kifo kitokanacho na kufanya kazi kupita kiasi.

Tangu mwaka wa 2019 sheria yao imeweka kikomo cha saa 45 za ziada kwa mwezi. Hata hivyo, msimu wa kazi nyingi mwajiri huruhusiwa kukaribia saa 100. Kasoro iko hapo. Serikali hiyo hiyo, inapochunguza vifo vya wafanyakazi, huhesabu saa 100 za ziada kwa mwezi kuwa hatari kwa moyo na ubongo. Isitoshe, wengi huona haya kutoka ofisini kabla ya mkubwa wao, na baadhi ya saa hizo haziandikwi popote. Sheria bila kubadili mazoea haitoshi.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka wa 2021 kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Hili halihusu Wajapani pekee.

Basi hesabu saa zako za wiki hii. Kazi ni ya kumlisha mtu, si ya kumla.