Asiye na maji apunguze nini?

Wakubwa wanaotuhimiza tusitumie maji ovyo nyumbani wanasema neno jema. Lakini wanamwambia nani? Mama wa Mulongwe, aliyebeba bidoni la lita 20 kichwani, hana haja ya kufundishwa kupima maji. Maji ya kuoshea mboga husugulia sufuria, yanayobaki humwagia sakafu. Huyu akipunguza tena, atapunguza kunawa mikono, na hapo kipindupindu kimepata mlango.

Mimi sibuni. Wataalamu wa London walichungua habari za Uvira tangu 2009 hata 2014. Waliona kwamba mtambo wa Regideso usipotoa maji siku moja, basi katika siku 12 zifuatazo wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu huongezeka kwa 155 kwa mia, kuliko baada ya siku ya maji tele. Ndiyo kusema mara mbili na nusu! Umeme ukikatika pampu zinanyamaza, na watu wanakwenda kuteka ziwani na mtoni. Je, ni mama aliyekata umeme?

Mwenye robine uani aifunge vizuri, sawa. Ila wakubwa wa mji nao waibane Regideso: saa za maji zitangazwe mapema, mafuta ya mashine yawekwe akiba, bomba likipasuka njiani litengenezwe siku ileile. Lita zinazomwagika barabarani usiku kucha, hakuna mama aliyezimwaga.