Ukipatwa na Shida katika Nchi ya Watu

Msomaji mmoja, ambaye binti yake anajitayarisha kwenda kufanya kazi ya nyumbani katika Bara Arabu, ametuuliza neno ambalo wengi hulifikiri wala hawaliulizi. Mtu akikamatwa na polisi ugenini, au akinyang'anywa pasipoti yake, ni nani wa kumtetea? Swali ni jema, na jibu lake lafaa lisomwe kabla ya kufunga sanduku.

Kila serikali huweka mabalozi katika nchi nyingine. Balozi mwenyewe hushughulika hasa na mambo ya serikali kwa serikali. Lakini katika ofisi yake, au katika miji mingine mikubwa, huwako balozi mdogo, na huyo ndiye wa raia. Kazi zake zimeandikwa katika Mapatano ya Vienna ya mwaka 1963, ambayo karibu dunia nzima imeyakubali. Humpa hati ya safari mtu aliyepotewa na pasipoti; huwasaidia jamaa za marehemu; huwaendea wafungwa gerezani na kuwatafutia wakili.

Yako pia asiyoyaweza, na hapo watu hukosea sana. Hawezi kumtoa mtu jela, kwa kuwa mapatano hayo hayo yamemwamuru aziheshimu sheria za nchi alimo. Kwa desturi halipi faini, wala deni la hospitali. Asiyejua haya humwendea balozi kama mtoto amwendeavyo baba siku ya mshahara, kisha hurudi akiilaani Serikali.

Kifungu kilicho kikubwa kuliko vyote kwa msafiri ni cha 36. Chasema kwamba polisi wakimkamata mgeni yawapasa kumwambia, bila kukawia, kuwa ana haki balozi wake apewe habari. Akitaka, wapeleke habari hiyo. Tafadhali liangalie neno hilo, "akitaka". Asiyesema kitu huenda akakaa mahabusu miezi, na huku nyumbani watu wadhani amenogewa na mji.

Tena polisi wenyewe huweza kunyamaza. Ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walipelekwa Marekani wangali watoto, wakakua wakisema Kiingereza kama wenyeji. Mwaka 1982 walikamatwa katika jimbo la Arizona kwa kumwua mtu walipojaribu kuiba katika benki, na mwaka 1984 wakahukumiwa kifo. Hatusemi kwamba hawakuwa na hatia. Lakini hawakuambiwa kwamba wana balozi. Ujerumani ilipata habari mwaka 1992, tena kutoka kwa ndugu hao wenyewe, waliokuwa wameisikia haki hiyo kwa watu wengine. Walipoleta neno hilo mbele ya majaji wa Marekani, waliambiwa wamechelewa. Lilipasa kuletwa katika kesi ya kwanza. Nao wangalilileta namna gani, hali hawakulijua?

Karl aliuawa tarehe 24 Februari 1999. Ujerumani ikakimbilia Mahakama ya Dunia iliyoko The Hague, nayo tarehe 3 Machi ikaamuru Walter asiuawe kwanza. Akauawa siku ile ile. Tarehe 27 Juni 2001 Mahakama ilihukumu kwamba Marekani imevunja mapatano, na kwamba haki ya kifungu cha 36 ni ya mtu mwenyewe aliyekamatwa pamoja na serikali yake. Hukumu hiyo haikuwafufua wale wawili, lakini yawafaa wengine wote, hata binti wa mkulima.

Sasa twende huko aendako binti huyu. Katika nchi nyingi za Waarabu mfanyakazi mgeni huwa chini ya mdhamini, ambaye mara nyingi ndiye bwana wake, na mabwana wengine huiweka pasipoti ya mfanyakazi kabatini mwao. Hawana haki hiyo. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na mwenye kuishika ni yule ambaye jina lake limeandikwa ndani. Aliyenyimwa yake aweza kuomba ubalozi hati ya kurudi kwao.

Lakini ubalozi wenyewe uko wapi? Si kila mji una ubalozi wetu. Mwaka 2020, baada ya ule mlipuko mkubwa wa bandari ya Beirut tarehe 4 Agosti, wanawake wa Kenya walikusanyika nje ya ofisi ya balozi wa heshima wakitaka kurudishwa nyumbani. Kenya haikuwa na ubalozi kamili huko; mambo ya Lebanon yalisimamiwa kutoka Kuwait, nchi nyingine kabisa. Mtu aliyefungiwa jikoni hawezi kuanza kuyauliza hayo usiku wa taabu.

Kwa hiyo, Bwana, kabla binti hajaondoka, pateni jina la ubalozi unaoisimamia nchi hiyo pamoja na nambari yake ya simu. Naye aiweke nambari hiyo moyoni, maana simu ya mkono hunyang'anywa pamoja na pasipoti. Akifika, ajiandikishe huko. Wewe nawe weka nyumbani nakala ya pasipoti yake, ya mkataba wake wa kazi, jina la wakala aliyempeleka, na jina la mdhamini na mji akaao. Siku utakapokwenda Nairobi kuuliza habari zake katika Wizara ya Mambo ya Nje, karani atakuuliza hayo kwanza.