Malezi ya Nyumbani: Mkono Kabla ya Kalamu



Kila mwaka, mwezi wa Septemba, shule za Bukavu hupokea watoto wapya wa darasa la kwanza. Wengi hawakupata kupita katika shule ya watoto wadogo. Mmoja tuliyempokea alijua kusimulia habari vizuri, na kuhesabu mbuzi wa babu yake pasipo kukosea. Lakini alipopewa kalamu aliishika kwa ngumi, kama mtu ashikaye mchi, na karatasi ikapasuka. Wenzake wakamcheka, nyumbani akaitwa mjinga. Haukupita muda, akaanza kujificha saa ya kwenda shuleni. Je, alikuwa mjinga? Hasha! Akili ilikuwa tayari, bali vidole havijafundishwa.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto azaliwapo, sehemu hizo bado ni gegedu laini, nazo hugeuka mfupa moja baada ya nyingine kwa miaka mingi. Basi kumlazimisha mtoto wa miaka 3 kuandika herufi ni kumtwika mzigo usio wake. Daktari Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwazoeza watoto kufunga vifungo, kumimina maji, na kufuata umbo la herufi kwa kidole, kabla ya kuwaandikisha.

Nasi twaweza kufanya hivyo pasipo kununua kitu. Mama apikapo, ampe mtoto maharage kidogo katika sahani, aondoe mawe na mbegu mbovu kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu. Siku ya kufua, akamue kitambaa kidogo na kubana nguo kambani kwa vibanio. Apewe udongo wa mfinyanzi, afinyange ng'ombe na vyungu. Apewe jani kavu la mgomba, alichane nyuzi nyembamba na kuzisuka. Jumapili asubuhi, afunge mwenyewe vifungo vya shati lake. Tunajua kwamba kengele ya Misa imekwisha kulia. Lakini haraka haraka haina baraka. Heri kumwamsha mapema kidogo kuliko kumnyang'anya somo hilo.

Na simu tunayompa mtoto ili anyamaze? Humzoeza kidole kimoja kuteleza juu ya kioo. Nguvu ya kushika na kubana haimpi.

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, maharage ni hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka 3: huyatia kinywani, puani, hata sikioni, nayo yaweza kumsonga pumzi. Huyo apewe udongo au kitambaa, na hata kwa mkubwa wake mzazi asiondoke. Pili, mtoto atumiaye mkono wa kushoto asipigwe wala kufungwa mkono huo, ndivyo alivyoumbwa. Tatu, kazi iwe fupi, dakika 10 zatosha, na wavulana wachague maharage sawasawa na dada zao. Baba naye aketi nao. Heshima yake haipungui.

Tulimwita mama wa yule mtoto, tukamweleza hayo yote. Jioni kwa jioni akamketisha karibu naye na sahani ya maharage, na neno "mjinga" likakoma nyumbani mwao. Kabla ya Pasaka mtoto aliandika jina lake ubaoni, herufi zikiegemeana kama nyumba za mteremko wa Kadutu. Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alirudi nyuma hatua moja, akalitazama kwa muda mrefu.

Wazazi, jioni ya leo, kabla ya kutia sufuria motoni, waiteni wana wenu.