Biashara ya Simu Bila Daftari Si Kutawakali



Ndugu zetu wapenzi, katika miji ya Uganda familia nyingi siku hizi zinauza mitandio, kanzu, udi na tende kwa simu. Picha inawekwa WhatsApp, mteja anaagiza, bodaboda anapeleka, pesa inaingia. Hilo ni jema. Tunachokipinga ni kauli hii tunayoisikia kila mara: "Hii ni biashara ndogo, utaratibu ni wa makampuni. Riziki anatoa Mungu."

Ni kweli, riziki anatoa Mungu. Lakini ni Yeye aliyeamrisha madeni yaandikwe, na aya ya jambo hilo, ya 282 katika Suratul Baqarah, ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur-aan. Basi asiyetaka kuandika asijifiche nyuma ya tawakkul. Huo ni uvivu.

Na huo utaratibu wa wakubwa ni upi? Mwaka 1950 mtaalamu wa takwimu wa Marekani, W. Edwards Deming, alialikwa Japani kufundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Wajapani wakayafanya mafunzo yake kuwa mzunguko wa hatua nne, na mwaka 1965 Toyota ikapata tuzo yenye jina lake. Hatua zenyewe ni hizi:

1. Panga. Kabla ya mwezi kuanza, andika utauza nini, kwa bei gani, na mtaji gani hautaguswa.
2. Tenda. Uza kwa mpango huo, na kila oda iandikwe siku ile ile.
3. Kagua. Kila wiki linganisha ulichopanga na kilichotokea.
4. Rekebisha. Badilisha lile lililoharibika, kisha rudi mwanzo.

Ni ipi hapo inayohitaji ofisi? Daftari la mtoto wa shule linatosha. Wala hakuna haja ya kulipia semina za gharama kubwa.

Tatizo letu ni kwamba tunatenda tu, hatukagui. Tuseme mtandio umenunuliwa shilingi 15,000 ukauzwa 20,000. Tunafurahia faida ya 5,000. Lakini bodaboda tumemlipa sisi 3,000, na bando ni 1,000. Kutoa pesa kwenye simu kuna ada ya kampuni, na juu yake kodi ya asilimia 0.5 iliyowekwa mwaka 2018, ambayo hapa ni shilingi 100. Kilichobaki hakifiki 900. Mteja mmoja akirudisha mtandio kwa kuwa rangi si ile ya pichani, tumeshakula mtaji.

Tukumbuke pia Januari 2021. Facebook ilifungwa siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, na kesho yake intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye namba za wateja daftarini angeweza kuwapigia. Aliyetegemea ukurasa peke yake angempata wapi mteja wake?

Sasa tuseme na akina baba. Wapo wanaoiita kazi ya mke "kibiashara cha mama", lakini jioni wanachukua humo humo elfu kumi ya mafuta ya pikipiki. Hairudi na haiandikwi. Muhula ukifika karo haipo, na mama analaumiwa kwamba hajui biashara. Hiyo ni dhulma, na daftari ndilo litakaloifichua. Huenda ndiyo sababu baadhi yetu hatulitaki. Na malipo aliyotanguliza mteja ni amana, si pesa ya kununulia sukari ya nyumbani.

Watasema: daftari halileti wateja, na kuhesabu sana ni tamaa. Kweli, daftari halileti wateja. Linakuonyesha kama wateja ulionao wanakulisha au wanakufilisi. Na asiyejua alichonacho atajuaje zaka yake, au haki ya mwenziwe aliyeweka mtaji?

Tunawasihi wiki hii baba, mama na watoto wakubwa wakae pamoja nusu saa, waandike oda za mwezi uliopita na gharama zake zote. Wakishindwa kuzikumbuka, basi hilo ndilo jambo la kwanza la kurekebisha.

Wabillaahi tawfiiq.