Nani Kasema Hatujui Kukaa Tukasikiliza?

Toka Kitale hadi Bungoma, hata waliosoma hurudia imani hii: Mwafrika ni mtu wa ngoma na kucheza, kutulia kitini kusikiliza vyombo vitatu vinne vya nyuzi ni mambo ya Wazungu. Ni uongo, na uongo huo unaua muziki wetu.

Litungu, kinubi cha Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, lina nyuzi saba na sauti nzito ya upole, isiyoundwa kushindana na uwanja. Mwenzake ni siilili, zeze linalopigwa kwa upinde. Mpigaji huimba koo, husifu waliotangulia, huonya walio hai. Asiyetega sikio haambulii kitu. Wazee waliomzunguka walikuwa wasikilizaji hasa, tena wakali: akikosea nasaba, walimrudi.

Nitaambiwa kwamba litungu huchezewa kamabeka, mabega yakatikisika, kwa hiyo si muziki wa kutulia. Hoja hiyo haisimami. Joseph Haydn wa Austria, aliyeukuza kuliko wote muziki wa fidla mbili, viola na chelo katika karne ya 18, alitia minueti katika nyingi ya kazi hizo, na minueti ni dansi. Mbona yeye hakuvuliwa heshima ya kusikilizwa?

Madhara tunayaona. Kwenye hafla za wakubwa, mpiga litungu huitwa kukaribisha wageni, vipaza sauti vikamfunika, kisha akaondolewa kabla hajamaliza kisa chake. Naye kijana anayejifunza fidla huambiwa anaiga ugeni, ilhali upinde wa siilili ulivutwa nyumbani kwao kabla hajazaliwa.

Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Basi Trans Nzoia na Bungoma ziandae tamasha la nyuzi: ukumbi mdogo, viti vichache, bila vipaza sauti. Kitale ina makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974; pa kuanzia papo. Usiku mmoja wapige wa litungu, wa siilili na vijana wanne wa fidla, viola na chelo, kila kundi lipewe saa yake nzima. Watu wanunue tiketi, na mpiga litungu alipwe kama msanii, si kutupiwa nauli. Asiyeamini kwamba tunajua kusikiliza aje akate tiketi, akae na wenzake.